Pumzi ya Nani? Utangulizi wa Elimu ya Mabadiliko na Kasi Uwanjani

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, mvua ikiwa imekatika saa nane mchana, nilisimama pembeni ya uwanja wa udongo mwekundu upande wa Mtabila, wilayani Kasulu, nikatazama mabadiliko ya mchezaji yaliyochukua dakika nne na ushei. Winga wa kulia alikuwa amekata pumzi. Kocha wake, mwalimu wa shule ya msingi, alinyanyua vidole kuonyesha namba kwa kuwa ubao hawana. Kijana akatoka akichechemea, akaketi kwenye nyasi, akaanza kufungua kamba za njumu. Kamba zilikuwa zimelowa tope na fundo limekaza, akalivamia kwa meno. Pembeni yake mwenzake wa kuingia alisimama peku, soksi zimeshavutwa hadi magotini, akisubiri viatu hivyohivyo. Timu ilikuwa na wachezaji kumi na sita na njumu za kutosha kumi na wawili.

Wapinzani walikuwa nyuma kwa bao moja, wakamlilia refa aanzishe mpira. Refa akaanzisha. Kwa dakika zile timu ikacheza na watu kumi, na bao la kusawazisha likapita upande uleule wa kulia ambako hapakuwa na mtu. Kijana akaingia mpira ukiwa umeshawekwa kati, kiatu kimoja hakijafungwa.

Wanafunzi wanaponiuliza somo hili linahusu nini hasa, huwa nawasimulia fundo lile. Wengi huja darasani wakidhani kanuni ya mabadiliko ni mstari mmoja wa kukariri kwa ajili ya mtihani wa urefa: wangapi wanaruhusiwa, basi. Mimi nawaambia kwamba kila mchezo wa timu umelazimika kujibu maswali matatu kuhusu pumzi. Nani aruhusiwe kupumzika? Apumzike lini? Na muda wa kupumzika kwake ulipwe na nani? Mtu akishajua mchezo fulani umeyajibu vipi, anaweza kukisia timu za mchezo huo zitashambulia kwa kasi gani, na zitafanya ujanja gani kuzuia kasi ya wenzao, hata kabla hajaona mechi moja.

Karibu, basi. Nawaandikia hasa walimu watarajiwa, wale wa Chuo cha Ualimu Kasulu na wa Kabanga, ambao mwaka ujao watakabidhiwa filimbi na mpira mmoja na kuambiwa wao ndio idara ya michezo. Nawaandikia pia vijana wa JKT pale Mtabila, wanaojua maana ya pumzi kuliko mimi, maana mchakamchaka wa alfajiri hauna mchezaji wa akiba.

Tuanze na zamani, wakati jibu la swali la kwanza lilikuwa: hakuna wa kupumzika. Mwaka 1956, katika fainali ya Kombe la FA pale Wembley, kipa wa Manchester City, Bert Trautmann, aligongwa shingoni zikiwa zimebaki dakika kama kumi na saba. Wa kumbadilisha hakuwepo, kanuni haikumtambua. Akaendelea kudaka, timu yake ikashinda 3–1, na siku chache baadaye picha za hospitali zikaonyesha kwamba shingo ilikuwa imevunjika. Kisa hiki husimuliwa kama habari ya ushujaa. Naomba msomaji wangu akisome kama habari ya kanuni: watu wazima, wenye akili zao, walikuwa wameketi mezani wakaona ni haki mtu aliyevunjika shingo abaki golini kuliko kumwacha kocha abadilishe mtu. Walikuwa na sababu. Waliogopa kwamba mlango ukifunguliwa kwa majeruhi, makocha wataupitisha na waliochoka.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Ligi ya Uingereza iliruhusu mchezaji mmoja wa akiba msimu wa 1965/66, kwa majeruhi tu. Tarehe 21 Agosti 1965 Keith Peacock wa Charlton Athletic akawa wa kwanza kuingia, kipa wao alipoumia dakika ya 11 dhidi ya Bolton. Muda si mrefu baadaye sharti la kuumia likaondolewa, kwa kuwa hakuna refa aliyeweza kupima maumivu ya misuli ya paja kwa macho. Kombe la Dunia likafuata 1970 kwa wachezaji wawili, na Anatoliy Puzach wa Umoja wa Kisovieti akawa wa kwanza, kwenye mechi ya ufunguzi dhidi ya Meksiko. Mwaka 1995 wakawa watatu, na robo karne nzima watu wakakua wakidhani tatu ni namba iliyoshuka na mpira wenyewe.

Kisha ukaja 2020, na hapa nataka tukae kidogo. Mwezi Mei mwaka ule, janga la UVIKO-19 likiwa limebana ratiba, bodi ya sheria za mpira, IFAB, iliruhusu wachezaji watano. Ligi Kuu yetu iliporejea mwezi wa sita nayo ikaifuata, na 2022 kanuni ikawa ya kudumu. Watu wengi huikumbuka namba tano tu. Sehemu yenye akili zaidi ni ile nyingine: watano hao waingie kwa nafasi tatu za kusimamisha mchezo, ukiacha mapumziko. Yaani bodi ilitenganisha vitu viwili vilivyokuwa vimefungwa pamoja tangu 1965. Pumzi ikaongezwa, visimamo vikabaki vilevile. Kocha anayeongoza kwa bao moja dakika ya 88 hawezi kutoa wote watano mmojammoja, kila mmoja akipunga mkono jukwaani kama bwana harusi, mpaka saa iishe. Kabla ya hapo, mwaka 2019, IFAB ilikuwa imeshaagiza anayetoka apitie mstari ulio karibu naye. Msimu wa 2025/26 ikafika zamu ya makipa, ambao wakikaa na mpira mikononi zaidi ya sekunde nane wanatoa kona. Ukizipanga kanuni hizi pamoja, utaona watunga sheria wanajaribu kununua kasi bila kuuza uhai wa wachezaji.

Je, pumzi mpya inaleta kasi kweli, au ni imani ya makocha? Magnus Mohr, Peter Krustrup na Jens Bangsbo walichapisha mwaka 2003 utafiti uliohesabu mbio za wachezaji wa kiwango cha juu Ulaya. Walikuta mbio kali zinapungua robo saa ya mwisho kwa karibu kila mtu, beki hata mshambuliaji, wa kiwango cha juu kabisa hata wa kiwango cha chini yake. Waliotoka benchi walikimbia mbio kali karibu robo zaidi ya waliokuwa uwanjani tangu mwanzo. Hapo kocha wa mtaani anapata ushahidi wa kile anachokijua. Lakini mbio si mabao, na swali la pili, lile la lini, likabaki palepale.

Mwaka 2012 Bret Myers, mwalimu wa chuo kikuu cha Villanova huko Marekani, akajibu kwa kujiamini kulikowafurahisha waandishi wa habari. Ukiwa nyuma, alisema, toa wa kwanza kabla ya dakika ya 58, wa pili kabla ya 73, wa tatu kabla ya 79. Waliofuata ratiba hiyo, kwa hesabu zake, walipunguza au kufuta deni la mabao takribani mara mbili ya wasioifuata. Nilipousoma utafiti ule mara ya kwanza niliuandika ubaoni, nikawaambia wanafunzi wazinakili namba zile. Leo naona haya kidogo. Mwaka 2016 Rajitha Silva na Tim Swartz walizirudia hesabu, safari hii wakizingatia ubora wa timu zinazokutana, na hawakuona dakika yoyote yenye muujiza. Timu iliyo nyuma husogea kuelekea sare hata kocha akilala usingizi, kwa kuwa iliyo mbele hurudi nyuma kulinda. Namba tatu za Myers bado ziko kwenye madaftari ya watu niliowafundisha, na kama wewe ni mmoja wao, zikate mstari mmoja mwembamba, usizifute.

Tuna mfano wa nyumbani wa kujifunzia tahadhari hii. Tarehe 25 Julai 2021, uwanja wa Lake Tanganyika pale Kigoma mjini ulipokea fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba na Yanga. Watu walishuka kutoka Kibondo na Kasulu tangu siku mbili kabla. Mukoko Tonombe wa Yanga akatolewa kwa kadi nyekundu kipindi cha kwanza kikielekea ukingoni, wenzake kumi wakashikilia hadi dakika ya 80 ikikaribia, ndipo Taddeo Lwanga akaifungia Simba bao pekee. Muulize yeyote aliyekuwepo, atakwambia pumzi ya Yanga ilikatika. Inawezekana. Lakini bao lenyewe lilikuwa la kichwa, mpira ukitokea kona, na kona hufungwa hata dakika ya tatu kila mtu akiwa mbichi. Mwanafunzi wa fani hii hujizuia pale ambapo shabiki anamaliza sentensi.

Sasa nikuvushe bahari, kwenye mchezo ambao wengi wetu tunauona kwenye filamu tu: mpira wa Marekani, ule wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, unaojaza viwanja vya vyuo vikuu vyao kila Jumamosi. Usihangaike na sheria zake zote. Shika hili tu, kwamba mchezo huenda kwa vipande vifupi vya sekunde chache, kisha husimama, timu hupanga upya, kikaanza kipande kingine. Kati ya vipande, mabadiliko ni ruksa bila idadi.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1941 kanuni za vyuo zililegezwa ili mchezaji abadilishwe wakati wowote. Tarehe 13 Oktoba 1945, Fritz Crisler, kocha wa Michigan, akiwa na vijana wabichi dhidi ya timu kali ya chuo cha jeshi, Army, akaona tundu ambalo hakuna aliyekuwa amelitumia sawasawa: akaunda kikosi kimoja cha kushambulia na kingine cha kuzuia, akawa anawabadilisha wote kila mpira unapogeuka. Alifungwa 28–7. Hata hivyo Army wenyewe wakauchukua mtindo, wengine wakafuata. Mwaka 1953 wakubwa wakaupiga marufuku, gharama zikiwa zimevishinda vyuo vidogo, na katikati ya miaka ya 1960 ukarudi moja kwa moja.

Hapa ndipo fani yetu inapoanza kunoga. Kwa mantiki ya soka ungetarajia kwamba pale mabadiliko yasipokuwa na kikomo, mwenye kasi ni yule anayebadilisha sana. Miaka ya 2009 hadi 2012, Chip Kelly pale Oregon alifanya kinyume. Kikosi chake cha ushambuliaji kilimaliza kipande, kikakimbilia mstarini bila kikao, kikaanza kingine wakati saa ya sekunde 40 bado ina nusu yake. Kiini cha ujanja kilikuwa kutokubadilisha mtu. Kanuni inasema timu yenye mpira ikibadilisha, mwamuzi husimama juu ya mpira mpaka wapinzani nao wapate muda wa kubadilisha. Isipobadilisha, hakuna anayesubiriwa. Beki wa kilo 140 aliyechoka anabaki amenaswa uwanjani, benchi limejaa wenzake wabichi umbali wa hatua thelathini, na hawezi kuwafikia. Kwa hiyo mabeki wakaanza kuanguka wakishika misuli, kwa zamu, kwa utaratibu wa kutia shaka. Msomaji wa Ligi Kuu hahitaji kuelezwa zaidi kuhusu ugonjwa huo. Kwetu huwapata makipa dakika ya 85 na hupona kwa maji ya chupa.

Februari 2014 kamati ya kanuni ya vyuo hivyo ilipendekeza kwamba mpira usianzishwe mpaka sekunde kumi za kwanza zipite, ili wanaozuia wapate mwanya wa kubadilisha, isipokuwa dakika mbili za mwisho za kila kipindi. Makocha wawili wenye timu za nguvu na mwendo wa taratibu, Bret Bielema wa Arkansas na Nick Saban wa Alabama, walifika mbele ya kamati kuzungumzia suala hilo. Hoja iliyotangulizwa ilikuwa usalama: mtu aliyechoka anaumia kirahisi. Wenye kasi wakauliza ushahidi uko wapi kwamba vipande vingi vya haraka vinaumiza kuliko vichache vizito. Ushahidi wa kutosha haukupatikana, na mwezi Machi pendekezo likawekwa kando.

Mgogoro ule ni kioo kizuri kwetu kwa kuwa pande zote mbili zilisema kweli nusu. Uchovu unaumiza, hilo hata mkufunzi wa kambini analijua. Na kocha mzito anapolia usalama, mara nyingi analilia kasi ya mwenzake. Kazi ya mtafiti ni kutenganisha vilio viwili vinavyotoka koo moja.

Upo pia uzi unaounganisha Mtabila na vyuo vya Marekani. Kabla ya kuwa kikosi cha JKT, Mtabila ilikuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi, iliyofungwa mwisho wa mwaka 2012 baada ya zaidi ya watu 30,000 kurejeshwa kwao katika miezi ile ya mwisho. Miaka mitano kabla, kuanzia 2007, maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko ya 1972 walichukuliwa kutoka kambi za Kigoma na Kagera kwenda kuishi Marekani, Mtabila ikiwemo. Watoto wao walikuwa wamejifunza mpira kwenye viwanja hivihivi, mpira wa matambara na nailoni, ambako anayetoka ni aliyeumia au aliyeitwa na mama yake kuchota maji.

Kijana mmoja wa kundi hilo alinisimulia mechi yake ya kwanza ya shule kule. Dakika ya 20 kocha alitoa sita kwa mpigo, yeye akiwamo. Akaenda nyuma ya benchi, akavua jezi, akaikunja vizuri, akaanza kuvaa suruali, akijua kwamba amecheza vibaya na siku yake imeisha. Dakika ya 35 wakamtafuta arudi, wakamkuta amevaa viatu vya kutembelea. “Mzee,” aliniambia, “kwetu kutoka ni kutoka.” Shule za sekondari kule huruhusu kuingia na kutoka bila hesabu. Alipofika chuo alikuta kanuni ya katikati: aliyetoka kipindi cha kwanza harudi mpaka cha pili, na akitoka cha pili anaweza kurudi mara moja. Tena saa ya uwanjani huhesabu kushuka, na husimamishwa pale timu inayoongoza inapobadilisha mtu dakika za mwisho. Matokeo ni soka ambayo wageni huiona kama ina haraka ya ajabu na haina utulivu. Mawimbi mawili ya vijana hukimbia kwa zamu, wanabana juu kwa dakika kumi na tano, wanatoka, wanaingia wengine. Kijana wangu alikiri kwamba ilimchukua mwaka mzima kuzoea kukimbia bila kubakiza kitu. Mwili wake ulikuwa umefundishwa kuweka akiba ya dakika 90.

Ukitaka mfano mwingine wa mtoto wa eneo hili, Nestory Irankunda alizaliwa Kigoma mwaka 2006 kwa wazazi waliokimbia Burundi, akakulia Australia, na akiwa na Adelaide United misimu yake ya mwanzo alitumika sana kutoka benchi, kasi yake ikifunguliwa kwa mabeki waliokwisha choka. Bayern Munich wakamsajili. Simtumii kuthibitisha lolote. Wepesi ule angekuwa nao hata angeanza dakika ya kwanza.

Kuna mambo nitayapita haraka katika kurasa zijazo kwa sababu yanajieleza. Mpira wa mikono na futsal, ambako mchezaji huingia kupitia eneo la benchi lake bila kumngoja mwamuzi, vitapata sura moja fupi. Tofauti ya mabenchi nayo nitaigusa tu: kwenye soka watano wanaruhusiwa, lakini watano wa Simba na watano wa timu iliyopanda daraja jana hawafanani, na sioni haja ya kurasa kumi kusema hivyo. Waulize Mashujaa, waliopanda Ligi Kuu msimu wa 2023/24 na kuleta mechi zake pale Lake Tanganyika. Nitakaa sana kwenye mpira wa shule, wa ndondo na wa mchangani, kwa kuwa karibu yote tunayoyasema kuhusu uchovu na mabadiliko yamepimwa kwenye viwanja vyenye kamera na benchi la watu tisa. IFAB yenyewe inaruhusu vyama vya nchi kutumia utaratibu wa kutoka na kurudi kwenye mpira wa watoto, wa wakongwe, wa watu wenye ulemavu na wa ngazi ya chini. Kwa mwalimu mwenye watoto arobaini na mpira mmoja, aya hiyo fupi ya sheria ina thamani kuliko sura nzima ya mbinu, na nimekutana na wachache mno wanaojua kwamba ipo.

Kabla hujafungua sura ya kwanza, nina ombi. Jumamosi ijayo nenda uwanja wowote wa karibu, Mtabila, Kibondo, Heru Juu, popote, ukiwa na daftari na simu yenye saa. Usiangalie mpira. Angalia pembeni. Andika dakika kocha anapoita jina, dakika anayetoka anavuka mstari, dakika anayeingia anagusa mpira kwa mara ya kwanza, na idadi ya watu waliobaki uwanjani katikati ya hapo. Kama wanabadilishana njumu, anza kuhesabu kwenye fundo la kamba.